Silikoni ya Mkono wa Birika

Kila masika, ukuta wa chumba chetu cha wageni hapa Mbagala huchora ramani. Mwaka juzi ilikuwa Zanzibar, ndogo na nadhifu, chini ya kona ya dirisha. Mwaka jana ikafika ukubwa wa Kongo, na mke wangu akaacha kucheka. Fundi alikuja, akagonga fremu ya alumini kwa ukucha, akasema maji yanapita kwenye upenyo kati ya fremu na lipu, nimpe elfu sitini. Nikamwambia nitamtafuta. Mimi nina mkono wa birika, na anayenifahamu anajua kwamba "nitakutafuta" yangu ni kwaheri.

Masika hii mama mkwe akapiga simu kutoka Korogwe: anakuja kliniki ya macho, atakaa wiki mbili. Mkwe halazwi chini ya Kongo. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi kuomba silikoni.

"Ya wapi, mzee?" kijana akauliza. "Ya kioo, ya chooni, au ya nje? Na utapaka rangi juu yake?"

Mtoto wa umri wa kitinda mimba wangu ananihoji kama trafiki! Nikamwambia silikoni ni silikoni, anipe ya bei nafuu. Akanitazama kwa huruma ambayo wakati ule sikuielewa, akanipa mrija wa mililita 280 na bunduki yake ya kukamulia.

Ncha ya mrija hukatwa mshazari, tundu likawa dogo kulingana na upenyo. Ya kwangu niliikata kwa panga. Halafu bunduki ile ina kidude cha nyuma cha kubonyeza ili iache kusukuma, na hilo sikulijua. Nikiacha kukamua, yenyewe inaendelea. Niliiweka chini nikasogeze ngazi, niliporudi ilikuwa imejimwaga juu ya kandambili zangu. Kandambili zile mpaka leo hazipitishi maji.

"Baba Neema," mke wangu akaita kutoka jikoni, "unatengeneza achari huko nje?"

Kweli, uwanja mzima ulinuka siki. Baadaye ndipo nikaelewa: silikoni ya aina ile hutoa asidi ya siki inapokauka. Kwenye kioo inashika barabara. Lakini saruji na lipu vina chokaa, na chokaa na asidi havipikiki chungu kimoja.

Kesho yake nikapaka rangi ya krimu ifanane na ukuta. Rangi ikajikusanya matone matone na kuteleza, kama maji kwenye jani la yungiyungi. Silikoni haishiki rangi hata uibembeleze. Dirisha likabaki na mabaka, jirani akaniuliza kama ndio mtindo mpya.

Nikiwa bado juu ya ngazi, nikagundua kosa la kiwanda. Kwenye reli ya chini ya dirisha, upande wa nje, kulikuwa na vitundu viwili vyembamba kama punje za mchele. Nikacheka peke yangu. Yaani watu wanatoboa dirisha, halafu fundi analaumu lipu! Nikaviziba vyote, nikavigandamiza kwa dole gumba, na mabaki ya mrija nikayaongeza juu yake.

Mama mkwe alifika Jumatano. Alhamisi usiku mvua ikashuka, na saa tisa mlango wetu ukagongwa.

"Baba Neema, samahani kukuamsha. Hivi chumba kile kina mfereji?"

Reli ya dirisha ilikuwa imejaa pomoni kama hori la ng'ombe, maji yanafurikia ndani taratibu, bila papara, moja kwa moja kwenye sanduku lake la nguo. Pembeni, silikoni yangu ilikuwa imebanduka kwenye lipu kama ganda la kidonda, na Kongo imepata majimbo mapya.

Asubuhi nilimkuta nje, kijiti cha meno mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani kaviziba hivi?"

Nikatazama juu kama mtu anayekagua mawingu. Akachokonoa. Dirisha likatema maji yote ya usiku kwenye khanga yake.

"Maji yana adabu, mwanangu," akasema akijikung'uta. "Yakionyeshwa mlango, yanatoka."

Nikamtafuta fundi. Safari hii alitaka elfu tisini. Thelathini za nyongeza ni za kukwangua kazi yangu, maana silikoni mpya haishiki vizuri juu ya mabaki ya ile ya zamani. Akangoja jua la siku mbili ukuta ukauke, akapiga brashi kuondoa vumbi, upenyo mpana akautia kwanza kamba ya sponji. Kisha akatumia poliyurethani: inashika lipu na alumini, inavutika alumini inapotanuka kwa joto, na inakubali rangi. Kwenye nyufa za fisha bodi akatia akriliki, ambayo ni rahisi, nayo inapakika rangi, ila isinyeshewe kabla ya kukauka. Vile vitundu viwili hakuvigusa.

Basi ndugu msomaji, muuzaji akikuuliza "ya wapi?", mjibu. Mwambie inakwenda kushika nini na nini, kama jua na mvua vitaifikia, na kama utapaka rangi. Na ukikuta vitundu viwili chini ya dirisha lako la kusukuma, viache kama vilivyo.