Ardhi Ipo, Waya Haupo

Katubuka, Kigoma, ardhi haina uhaba. Bwawa la hapo likifurika, ardhi yenyewe huwafuata watu hadi sebuleni ikiwa tope. Kinachoadimika ni waya wa umeme wa kuifikia.

Fundi aliyesomea huzika fimbo ya shaba, akaunga waya wa kijani na manjano, kisha akapima. Fundi wa bei poa huukunja waya huo nyuma ya soketi, akaufungia humo kama siri ya familia.

Pini ndefu ya plagi ndiyo ya ardhi, na ndiyo inayofungua vizuizi vya matundu mawili ya chini. Mtaani kazi hiyo hufanywa na kalamu ya mwanafunzi.

Kigoma imeungwa kwenye gridi ya Taifa. Friji bado inapiga shoti, na fundi, akiulizwa, anamshauri mama avae ndala.