Kuzunguka mbuyu wa Disney: barua ya wazi kutoka kwa kishoka mstaafu

Kwa Wakurugenzi,
Kampuni ya Walt Disney,
Burbank, California,
Marekani.

Waheshimiwa wakubwa zangu,

Mimi ni kishoka mstaafu wa hapa Dar es Salaam. Huenda cheo hiki hakimo katika muundo wenu wa utumishi, kwa hiyo nitaeleza. Kishoka ni yule anayezurura nje ya ofisi ya umma na bahasha ya kaki kwapani. Anakusogelea ukiwa umesimama kwenye foleni tangu alfajiri, anakunong'oneza kwamba jambo lako linaweza kwisha leo hii kabla ya adhuhuri. Wewe unatoa chochote, yeye anapita mlango wa nyuma. Anawajua makarani wote kwa majina, na watoto wao, na kila mmoja anasoma wapi. Ofisi niliyokuwa nikiihudumia sitaitaja. Siku hizi ina kiyoyozi, na walinzi wake hawanijui.

Nawaandikia kuwapongeza. Mpwa wangu anayeishi Florida aliwapeleka wanawe kwenye bustani zenu, akanitumia mchanganuo wa malipo na swali moja tu: "Mjomba, hii si ndiyo ile kazi yako?" Nikasoma, nikakuta ndiyo yenyewe, ila imevaa suti. Sisi tulikimbizwa na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, kwa kupokea chai ili mtu aruke foleni. Ninyi chai hiyo hiyo mmeipa jina, mmeipangia bei kwa tarehe, mnaitolea risiti, na mteja akishalipa anapiga picha na panya.

Nimeifuatilia historia yenu, na lazima niseme mwanzo haukuwa na dalili za ukomavu. Disneyland ya Anaheim ilifunguliwa Julai 1955. Mtu alilipa kiingilio, kisha akalipia kila mchezo, na kabla ya mwaka kwisha mlikuwa mnauza tiketi kwa vitabu: A kwa vitu vidogo vidogo, kuendelea juu, mpaka mwaka 1959 ikaja E kwa mambo makubwa kama vigari vya mlima Matterhorn. Mwenye pesa alipanda mara nyingi kuliko asiye nazo, hilo sawa. Lakini kila alipotaka kupanda, alisimama nyuma ya fukara yule yule aliyemtangulia. Pesa ilinunua kiti. Haikununua mgongo wa mtu wa kuurukia.

Mwaka 1999 ndipo mliponitia huruma hasa. Mlileta FastPass: mtu anaingiza tiketi yake ya getini kwenye mashine, mashine inamtemea kikaratasi chenye saa ya kurudi, anakwenda zake kula, akirudi anapita njia fupi. Bure! Daktari na dobi, kila mmoja kikaratasi chake. Mlikuwa mmeshajenga mlango wa nyuma, mmeshaupaka rangi, na hamkumweka mtu wa kupokea. Mkono mtupu haulambwi, wakubwa zangu, na ninyi mliulamba kwa miaka ishirini hivi. Dalili za kuzinduka nilianza kuziona kwenye FastPass+ iliyofuata, pale aliyelala hotelini kwenu aliporuhusiwa kuchagua nafasi siku 60 kabla na wengine siku 30. Halafu mwaka 2017 kule California mkajaribu dola 10 kwa anayetaka kutumia simu badala ya kutembea hadi kwenye mashine. Mlikuwa mnaonja maji kwa kidole cha mguu.

Kisha corona ikafunga milango. Bustani zilipofunguliwa tena, vikaratasi vya bure havikurudi, na Oktoba 2021 kule Florida akatokea Genie+, yaani jini, dola 15 kwa mtu kwa siku. Michezo michache inayogombewa kuliko yote mkaitenga pembeni, kila mmoja na bei yake. Sisi watu wa pwani majini tunawajua. Wapo wa Tanga wenye sifa zao, na hakuna hata mmoja anayefanya kazi bila ubani, marashi na jogoo wa rangi anayoitaka yeye. Wenu hakutaka jogoo, alitaka kadi ya benki, na akawa na tabia ya kupandisha nyakati za sikukuu: Desemba 2023, ndani ya Magic Kingdom, alifika dola 39 kwa kichwa. Julai 2024 mkamstaafisha jini, huduma yake mkaiita Lightning Lane Multi Pass. Oktoba mwaka huo huo ikashuka Premier Pass, baba lao, kati ya dola 129 na 449 kwa mtu mmoja kwa siku, kutegemea bustani na tarehe. Baba, mama na watoto wawili wakubwa-wakubwa, siku ya bei ya juu, ilikuwa dola 1,796, na hapo hawajanunua tiketi ya getini.

Lakini bei haikunishangaza kama hesabu iliyo chini yake. Niruhusuni niwaeleze wasomaji wa huku, ninyi mnaijua. Tuseme mchezo mmoja unabeba watu 1,000 kwa saa, namba ya mfano tu. Wewe uko nyuma ya watu 600. Mlango ukiwa mmoja, unapanda baada ya dakika 36. Sasa fungua mlango wa pili, wauzie nafasi watu 700 kila saa. Vigari havijaongezeka, reli haijarefushwa, hakuna fundi mpya aliyeajiriwa. Mliobaki mnagawana viti 300, na wewe yule yule, nyuma ya watu wale wale 600, unapanda baada ya saa mbili. Zile dakika 84 hazikuyeyuka. Zilikuwa zako, zikauzwa na mtu wa pili kwa mtu wa tatu, wewe ukiwa umesimama hapo hapo umeshika chupa ya maji.

Siri kubwa ya fani yetu, ambayo naitoa leo kwa kuwa nimestaafu, ni kwamba kishoka hafaidiki na ofisi inayofanya kazi. Karani akihudumia watu upesi, mimi nalala njaa. Ndiyo maana palipo na vishoka hodari pana dirisha moja limefungwa na faili moja halionekani. Sisi tulilazimika kumbembeleza karani achelewe, na alikuwepo karani mmoja mkaidi, mcha Mungu, aliyetutia hasara miaka mizima kwa kuwahi kazini. Ninyi hamuhitaji kumbembeleza mtu. Kila pasi mnayouza inaongeza urefu wa foleni ya kawaida, na foleni ikirefuka inauza pasi nyingine. Kile kibao cha mlangoni kinachosema "dakika 90" watu wanadhani ni taarifa, kumbe ni mpiga debe.

Na jambo hili mnalifanya mchana kweupe! Sisi tulikuwa na aibu kidogo. Mteja wetu alipita uani, karibu na choo, ameinamisha kichwa, na waliobaki kwenye mstari hawakujua kilichowachelewesha. Walilaumu serikali, walilaumu mvua. Ninyi mmezipanga foleni mbili bega kwa bega. Mtoto aliyesimama tangu saa nne anamtazama mtoto mwenziwe, umri sawa, masikio ya panya sawa kichwani, akipita mbio pembeni. Anamgeukia baba yake. Hasemi kitu, anamtazama tu. Hakuna kishoka duniani aliyewahi kuwa na wakala mzuri kama huyo, na wakala mwenyewe amelipiwa kiingilio na baba.

Mkiulizwa mnasema si lazima, asiyetaka asilipe. Maneno hayo nimeyasema sana, tena kwa sauti ya upole. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na jua la saa saba kichwani alinijibu kwamba hata kiu si lazima. Alilipa, lakini.

Nawavulia kofia pia kwa jinsi mlivyoisafisha fani. Mwaka 2013 gazeti la New York Post liliandika kwamba kulikuwa na matajiri wa Manhattan waliokuwa wakikodi watu wenye ulemavu, dola 130 kwa saa, wajifanye ndugu wa familia ili ukoo mzima upitishwe pembeni. Hao walikuwa vishoka wenzangu, wa mtaani, wasio na leseni. Oktoba ya mwaka huo huo mkaubadilisha utaratibu wa kuwapitisha watu wenye ulemavu. Mwaka 2024 mkaukaza zaidi, na anayesema uongo akaonywa kwamba atafungiwa maisha. Wapo watu wenye ulemavu wa kweli waliolalamika kwamba wameachwa nje ya mlango pamoja na waongo. Lakini soko halivumilii wababaishaji: kwenu sasa anayetaka mtu wa kumpitisha pembeni kihalali anakodi mwongozaji wenu rasmi, mwenye kizibao cha drafti, kwa mamia ya dola kwa saa na si chini ya saa saba. Kizibao hicho nimekitazama sana kwenye picha. Laiti nasi tungekuwa na sare, labda tungeheshimiwa.

Lipo moja tu ninalowashauri mliangalie, nalo ni la ufundi. Foleni haikufa, imehamia kitandani. Wanaolala hotelini kwenu wanaruhusiwa kununua Multi Pass wiki moja kabla, wengine siku tatu kabla, na mlango unafunguliwa saa moja asubuhi. Kwa hiyo mtu aliyekwenda kupumzika anaamka gizani, ameshika simu, anangojea saa moja ifike ili agombanie nafasi ya kulipia asigombanie nafasi. Na siku ambayo kila mtu amenunua, njia ya haraka nayo inakuwa na mkia. Kwetu hali hiyo iliwahi kutokea: vishoka tulizidi idadi ya wateja, ikabidi tupange foleni sisi wenyewe mlangoni kwa karani.

Tokyo wananitia wasiwasi. Bustani zile zina jina lenu lakini mwenye mali ni kampuni ya Kijapani, Oriental Land. Nao wanauza njia ya haraka tangu 2022, sikatai. Ila Julai 2023, wakiadhimisha miaka 40, wakaleta na pasi nyingine ya kurukia foleni kwenye baadhi ya michezo, ya bure. Bure, wakubwa zangu, kwa hiari yao, wakati mlikwisha kuwaonyesha njia. Watu wa namna hii wakiachwa wanaweza kuharibu bei dunia nzima. Mpelekeeni mtu azungumze nao.

Nifike kwenye ombi langu. Nimeona kwamba kwenye bustani yenu ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa 1998, mmejenga mji wa kubuni wa Afrika Mashariki uitwao Harambe. Kazi nzuri sana. Kuta zimebanduka rangi kama za Lamu na Mombasa, vibao vya Kiswahili vipo, kuna hata baa inaitwa Dawa. Katikati ya bustani mmesimamisha mbuyu wa bandia wa mita 44, mifupa yake ni ya mtambo wa kuchimbia mafuta, na kuuzunguka kwake sasa kuna bei inayojulikana. Lori la safari pale Harambe limepewa jina la Kilimanjaro, nalo mmeliwekea njia ya haraka. (Mlima wenyewe, ule wa Moshi, haujakubali utaratibu huo. Anayelipa zaidi ili afike upesi huumwa kichwa, akateremshwa kwa machela.)

Kitu kimoja tu kinakosekana katika mji ule ili ukamilike, nacho ni kishoka. Mmeweka mlinzi, mmeweka dereva, mmeweka mpiga ngoma, lakini hakuna mtu mwenye bahasha ya kaki. Naomba nafasi hiyo. Sihitaji mafunzo. Kiswahili changu ni cha kuzaliwa nacho, sitasema "jambo" kwa watu ambao nimeshawasalimia, na naweza kumtambua mteja kwa viatu vyake tu. Nitasimama pale njia mbili zinapogawanyika, nimnong'oneze mgeni sikioni bei ambayo tayari imo kwenye simu yake. Watoto watafurahi, na wageni kutoka huku watajisikia nyumbani.

Kabla hatujasaini, hata hivyo, kuna suala la mgao ambalo ningependa liwekwe wazi. Mbele kabisa, pale foleni mbili zinapokutana, husimama kijana wenu mwenye beji ya jina kifuani. Yeye ndiye anayenyoosha mkono kuizuia foleni ya kawaida na kuipitisha ile ya kulipia, kundi baada ya kundi, huku akitabasamu kwa sababu kutabasamu kumo kwenye kazi. Macho yote ya wale waliosubiri saa mbili yanamwangalia yeye, na wakubwa mliopanga bei hamko hapo. Kima cha chini cha mshahara kilichopatikana kwenye mkataba wa vyama vya wafanyakazi wa Florida mwaka 2023 kilikuwa dola 18 kwa saa. Premier Pass moja ya dola 449 inamlipa kijana wa kima hicho kwa karibu saa 25, na kwa saa moja mbele yake hupita wangapi? Sisi tulikuwa wala rushwa, lakini karani wa dirishani alipata chake, jioni ile ile, tena bila kudai. Kijana yule mgao wake uko wapi?

Wenu katika kazi,

Kishoka mstaafu,
Dar es Salaam.