Shajara ya Vyura wa Kahawia

Jumatatu
Inzi wa matunda wametoroka. Kifuniko cha chupa yao kililegea usiku, na asubuhi walikuwa kwenye ndizi, kwenye sukari na mdomoni mwa birika. Aina hii hairuki, ila hodari wa kupanda kuta. Niliowapata nimewatikisa kwenye unga wa kalisi nikawapa vyura.

Jumanne
Mpwa wangu amekodolea tangi macho. “Mjomba, mbona majani matupu?” Chura alikuwa mbele ya pua yake. Nikamwonyesha. “Wa kahawia tu? Wako wapi wale wa bluu wenye sumu?” Nikamwambia hawa ni Mannophryne trinitatis, vyura wa vijito vya Trinidad, jamaa wa hao wa bluu, ila hawana sumu. Na hao wa bluu wakizaliwa tangini hawana pia, kwa kuwa sumu yao hutokana na sisimizi na utitiri wanaowala msituni. Hakuridhika.

Jumatano
Dume ameimba tangu alfajiri, na akiimba hugeuka mweusi tii. Jirani wa chini amebisha hodi kuuliza kama king’ora chetu cha moshi kimeishiwa betri. Jike, mwenye koo la njano, amemfukuza jike mwenzake hadi majini. Nimeongeza jiwe, kila mmoja awe na lake.

Alhamisi
Joto la Hamburg limepanda, na pampu ya kunyunyiza imegoma. Nimenyunyiza kwa mkono.

Ijumaa
Dume kabeba viluwiluwi mgongoni! Ndiye aliyelinda mayai chini ya majani, na sasa ndiye anayewatafutia maji. Alifika kwenye bakuli la maji la tangini, akakaa ukingoni, akaondoka nao. Nilipotazama, mpwa alikuwa ametia humo samaki wake mdogo. Huko Trinidad madume hukwepa vidimbwi vyenye samaki na kamba walao viluwiluwi. Nimemtoa samaki, nimeosha bakuli, nimejaza maji ya mvua.

Jumamosi
Viluwiluwi wote wamo bakulini. Sijaona baba makini kuliko huyu katika matangi yote ya vyura wa rangi niliyowahi kutazama.

Jumapili
Nimempigia muuza wanyama mmoja kuuliza kama atachukua watoto wakikua. Anasema wa kahawia hawana soko. Jibu hilo limeniuma, maana kizazi kisichotakiwa na mtu hukoma kimyakimya kwenye matangi. Ewe unayetaka kufuga vyura, waulizie hawa, na uchukue waliozaliwa tangini. Wa kijitoni waache kijitoni.