Milionea wa Kibanda Umiza

Vijana wa Ubaruku, poleni na tope la majaruba. Utajiri sasa uko kiganjani. Hollywood Stock Exchange, soko la mtandaoni lililofunguliwa 1996, humpa kila mgeni dola milioni 2. Ni za kubuni, lakini nani anauliza? Unanunua hisa ya filamu ambayo haijatoka. Ikionyeshwa wiki nne Marekani, kila dola milioni 1 ya tiketi inaipa hisa yako dola 1. Wanaoanza wanaambiwa: nunua kabla ya kelele, uza zikipamba moto.

Mbinu hiyo walanguzi wetu wanaijua bila intaneti. Ada ya shule ikimbana mkulima, wananunua mpunga wake ungali shambani, kwa bei ya kutupa. Filamu walizoziona ni za kibanda umiza tu.

Mwaka 2010, studio zilipolalamika kuwa kubashiri mapato ya filamu kwa fedha halisi ni kamari, Bunge la Marekani lilipiga marufuku jambo hilo kwenye masoko ya mikataba ya bei za baadaye. Filamu zikapata wa kuzitetea. Mpunga mbichi bado unasubiri zamu.

Haya, tajirikeni. Ila mwenye kibanda hapokei dola za Hollywood. Anataka jero yake mlangoni.