Muulize Mjomba wa Mabanda

Mjomba, shikamoo. Julai nilinunua sungura wawili pale stesheni Tabora, dume na jike, nikawaita Adamu na Hawa. Mpaka leo hakuna hata kitoto, na kila asubuhi manyoya yamezagaa bandani. Je, nimerogwa?
Mwenye Subira, Kipalapala

Marahaba, mwanangu. Hujarogwa, umeuziwa Adamu wawili. Mji huu unafanya biashara tangu misafara ya pembe za ndovu, nawe unanunua jike kwa kuambiwa tu! Mgeuze chali, ubonyeze taratibu sehemu za siri: dume hutokeza kibomba cha mviringo, jike huonyesha mpasuo. Watenganishe leo hii, maana madume wakikomaa hung'atana mapumbu, na hapo hata atakayeshinda hatakufaa. Ukipata jike wa kweli, mpeleke yeye kwa dume. Ukimwingiza dume kwa jike, atapokewa kama mgoni. Tena usipandishe kwenye joto la Oktoba: nyuzi zikipita 30 dume huweza kupungukiwa mbegu kwa wiki kadhaa, ingawa majigambo yake hayapungui. Banda lisogeze kivulini mwa mwembe.

Mjomba, jike wangu amezaa saba baada ya siku 31, ila hawanyonyeshi. Nachungulia kutwa nzima, simwoni.
Baba Saba

Utamwonaje? Hunyonyesha mara moja au mbili tu kwa siku, dakika chache, mara nyingi usiku au alfajiri, wewe unakoroma. Kitoto chenye tumbo la mviringo kimeshiba. Toa pua yako kiotani, umwekee mama maji: akipata kiu na hofu huweza kula wanawe. Na miguu ya banda iingie kwenye makopo yenye oili chafu. Jirani yangu alidai siafu hawapiti kwake. Walipita usiku mmoja tu, kukicha kiotani yakabaki manyoya matupu.

Mjomba, sungura wangu anakula kinyesi chake. Nimemchapa.
Msafi

Kile laini ndicho chakula chake cha mzunguko wa pili, kina vitamini. Mwombe radhi.

Mjomba, Padri anakuja kula Jumapili, nami nilimwahidi sungura wa karanga. Lakini wanangu wamempa dume jina la Kaptura, na sasa wanalala naye.
Mama Jikoni

Pole, mama. Nunua kuku wa jirani, wala usiulize anaitwaje.