Sifa za Mjuaji wa Kibandani

Mjuaji wa kibandani ni mtazamaji wa tamthilia za uhalifu anayemtaja muuaji kwa sauti kabla mpelelezi hajafika penye maiti. Huonekana popote palipo na televisheni moja na macho mengi. Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia Palma na Mocímboa da Praia kuteremka hadi mitaa ya Pemba, makazi yake ni kibanda cha video: mabenchi na skrini ndani, jenereta nje, na mlangoni mtu wa kupokea kiingilio. Hulaumiwa na kila aliyelipa ili atazame kwa utulivu. Wanaomlaumu hawajazipima faida zake.

Faida ya kwanza ni ukalimani. Tamthilia nyingi zinazofika pwani hii, hasa telenovela za Brazil, husema Kireno, ilhali watazamaji wengi nyumbani kwao husema Kimwani, Kimakonde au Kiswahili. Mjuaji hufasiri bila kuombwa. Asipoelewa hasiti, bali hujazia. Mhusika aliyesema maneno mawili hupewa sentensi tatu, na aliyenyamaza hupewa tano, tena zenye siri zaidi. Kazi inayofanana na hiyo ilimpa jina Lufufu wa Dar es Salaam, aliyeingiza masimulizi yake ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, na nchini Uganda wafasiri wa filamu wanaoitwa VJ huifanya kwa malipo. Mjuaji huifanya bure, na kiingilio analipa vilevile.

Faida ya pili ni wepesi wa upelelezi wake, ambao husimama juu ya kanuni tatu. Kanuni ya kwanza ni kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, hafi, kwa hiyo machozi yanayomwagwa juu ya kitanda chake cha hospitali ni hasara. Ya pili, mwigizaji maarufu anayeonekana akimimina kahawa tu ndiye muuaji, kwa kuwa hakuna anayemlipa mtu mashuhuri ili amimine kahawa. Ya tatu, anayelia kupita mjane msibani afuatwe. Polisi wa kwenye skrini huhitaji alama za vidole, maabara, kibali cha hakimu na karibu saa nzima. Mjuaji huhitaji kuuona uso wa mtu mara moja, na hata akiuona kwa ubavu humtosha.

Ubora wa njia hii hudhihirika ukilinganishwa na ya Bwana Msa, mpelelezi aliyebuniwa na Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la uandishi la 1957–58 na kutoka kitabuni mwaka 1960, Msa huvuta kiko chake, hukusanya vijambo vidogo vidogo, na humwacha rafiki yake Najum gizani hadi mwisho. Mjuaji asingemtesa Najum hivyo. Angempa jina la muuaji ukurasa wa tatu, na jingine ukurasa wa nne.

Wingi huo wa majina ndio msingi wa sifa yake kuu, yaani kutokosea. Mshukiwa wa kwanza akionekana hana hatia, mjuaji humtaja wa pili na kueleza kuwa wa kwanza alikuwa wa kuwapima wenzake. Tamthilia inapofika mwisho huwa amekwisha kuwashuku watu wote waliomo, pamoja na daktari, mpishi na marehemu mwenyewe. Muuaji akifichuliwa, husimama na kusema, “Niliwaambia.” Ni kweli, aliwaambia.

Historia ya televisheni inamuunga mkono. J. R. Ewing wa tamthilia ya Dallas alipigwa risasi katika sehemu iliyorushwa Marekani tarehe 21 Machi 1980, na jibu la nani aliyempiga halikutolewa hadi tarehe 21 Novemba. Katika miezi hiyo minane Waingereza waliweka dau kwa jina la mshukiwa, yaani rai ya mjuaji ilikuwa na bei. Katika telenovela ya Brazil iitwayo Vale Tudo, Odete Roitman aliuawa mkesha wa Krismasi wa 1988, na tarehe 6 Januari 1989 ikabainika kuwa muuaji ni Leila, aliyefyatua risasi akidhani anamuua mwanamke mwingine. Waliochambua kwa makini ni nani alimchukia Odete walipotea njia, kwani muuaji hakumkusudia Odete. Aliyebahatisha ndiye aliyekuwa na nafasi nzuri.

Mazingira ya pwani hii yanampa mjuaji kazi nyingine asiyoijua mtazamaji wa mjini. Petroli ya jenereta hufuata hesabu zake, wala haimsubiri mpelelezi aite watuhumiwa sebuleni. Skrini ikizima kabla ya ungamo, mwisho pekee uliopo ni ule wa mjuaji, na watu huondoka nao. Rai yake pia haihitaji mizigo. Mashambulizi yaliyoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017 na kuifikia Palma mwezi Machi 2021 yaliwahamisha watu wengi, wakiwemo waliokimbilia Pemba. Mabenchi na jenereta vinaweza kubaki nyuma, lakini ujuaji huhama na mwenyewe. Hata hivyo elimu hii ina mpaka. Nani yuko nyuma ya mashambulizi hayo, na kwa nini, ni suala ambalo kanuni ya mmimina kahawa hailifikii, na mjuaji mwenye akili huiacha mlangoni mwa kibanda.

Imebaki lawama moja, kwamba mjuaji huharibu utamu kwa kufichua siri. Lawama hii haisimami kwa hesabu. Anayetaja jina moja hufichua. Anayetaja majina kumi na mawili huificha siri kuliko mtunzi alivyoweza, kwa sababu aliyemsikiliza huingia dakika za mwisho akijua kidogo kuliko alivyojua mwanzoni. Mashaka, ambayo ndiyo bidhaa pekee ya tamthilia ya uhalifu, hayana mlinzi mwaminifu kumpita mtu asiyekuwa nayo hata chembe.