Tunaomba Gari la Kutolipanda

Kwa Waheshimiwa Waandalizi wa Semina za Tabianchi,

MINT: OMBI LA KUPEWA UCHAFUZI ILI TUUPUNGUZE

Tunawaandikia kutoka Tseikuru, Kenya. Tumepokea tena mafunzo yenu ya jinsi familia inavyoweza kupunguza gesi joto: tuzime taa tutokapo chumbani, tupunguze safari za gari, tusile nyama kila siku. Tulisikiliza kwa makini, ingawa magari yenu, yaliyoachwa yakinguruma ili viti visishike joto, yalimeza nusu ya maneno.

Tuko tayari kutii. Tulichokosa ni vifaa. Taa tutazizima pindi nguzo za umeme zitakapofika vijijini; Mto Tana hutupita ukiwa umekwisha kuwazungushia mitambo ya vituo vitano vya umeme, kutoka Masinga hadi Kiambere. Nyama tutaipunguza, ukame ukishaturudishia ng'ombe. Ndege tumeacha kitambo: mkutano wa tabianchi wa COP28 ulipofanyika Dubai mwaka 2023, sisi tulibaki nyumbani kuokoa dunia.

Ombi letu kuu ni gari. Moja latosha, kubwa, la dizeli, kama yenu. Tutaliegesha sokoni chini ya mbuyu na kuunda Kamati ya Kutolipanda: mwenyekiti, katibu, mweka hazina na mwakilishi wa vijana. Kila alfajiri dereva atafungua milango na kukaribisha abiria, nao watakataa kwa adabu, mmoja mmoja, wakitia sahihi kwenye rejista. Kisha watawafunga punda mitungi na kwenda kufukua maji mchangani. Ijumaa tutalikataa kwa ngoma. Mwisho wa mwezi katibu atajumlisha kilomita ambazo hatukwenda na moshi ambao haukutoka, nanyi mtaiuza kaboni hiyo Ulaya. Fungu letu mlikate gharama za semina, kama kawaida.

Kuni tunachoma, hatukatai, na mafiga matatu ni walafi. Lakini nani kawaambia kuwa mama mwenye macho mekundu kwa moshi anahitaji kuelezwa ubaya wa moshi? Mwaka 2021 gesi ya kupikia ilirudishiwa VAT ya asilimia 16. Ikashushwa hadi 8 mwaka uliofuata, ikaondolewa 2023. Muda wote huo sisi tunahubiriwa tuache kuni. Migunga yetu hugeuzwa makaa ya kuchomea nyama Nairobi, halafu mnatuuliza msitu umekwenda wapi. Kenya nzima haifikishi hata asilimia moja ya gesi joto ya dunia. Katika chembe hiyo, wa kubanwa mkamwona mwanamke mwenye sufuria moja! Hiyo si elimu. Ni dharau.

Mtuwie radhi, waheshimiwa. Jua la huku ni kali.

Safari ijayo, badala ya fulana zenye maandishi, leteni majiko ya udongo yanayobana kuni. Na kama gari la kutolipanda halipatikani, tuachieni moja la msafara wenu. Tutawaazima punda wa kuwarudisha Nairobi. Majani ni juu yetu. Kiyoyozi ni upepo.

Wenu watiifu,
Wakazi wa Tseikuru